Mshika Mlango wa Bi Raya

Pazi Mkude alizaliwa mrefu, akakua mrefu, na hadi anafikisha miaka hamsini na moja urefu wake ulikuwa haujamletea faida yoyote, isipokuwa kuitwa na majirani wa Kihonda awabadilishie balbu. Ndipo akatokea Bi Raya na gari lake, na urefu wa Pazi ukapata kazi ya kudumu. Kazi yenyewe ilikuwa kushika mlango.

Usije ukadhani ni mlango wa hoteli, wa kumfungulia mgeni na kumwinamishia kichwa. Mlango wa Bi Raya ulikuwa unashikwa kwa bega, na bega likichoka, kwa kichwa. Pazi alikuwa na kofia ya kufuma aliyoikunja mara tatu utosini kwa ajili hiyo, na chini ya kofia hiyo nywele zilikuwa zimeshakata tamaa ya kuota.

Gari lilikuwa nyumba. Mzungu mmoja mzee na mkewe walitoka nalo kwao, wakateremka nalo bara zima, wakipika humo, wakilala humo na kugombana humo humo, mpaka walipofika Morogoro wakawa wamechokana kabisa. Wakaliuza, kila mmoja akapanda ndege yake. Aliyelinunua ni Bi Raya, mjane wa Kilakala aliyekuwa akiuza vyombo na vitenge kwenye kibanda. Watu walimcheka: mtu ana jiko kwake na kitanda kwake, anakwenda kununua gari lenye jiko na kitanda! Lakini Bi Raya hakutazama jiko wala kitanda. Alitazama ubavuni, chini ya madirisha, kwenye milango minne ya kuwekea mizigo, ile inayofunguka kwenda juu. Akaona duka. Ukiifungua yote minne, kila mmoja unakuwa paa: hapa sufuria, hapa vitenge, hapa mabeseni, na hapa wa mwisho tochi, betri, sabuni na vikorokoro vingine ambavyo mtu hajui kuwa anavihitaji mpaka avione.

Kasoro ilikuwa moja. Kila mlango ulikuwa unabebwa na shokapu mbili, zile bomba nyembamba zenye gesi ndani kama za buti la gari, na zote nane zilikuwa zimekufa. Ukiinua mlango, unapanda vizuri, unatulia, unakungoja uiname, halafu unateremka.

Mwanzoni Bi Raya aliegemeza miti. Mti wa kwanza ulikuwa mwanzi, ukapasuka. Wa pili ulikuwa mpini wa jembe, mzuri, ulionyooka, na uzuri wake ndio ulioleta balaa. Siku hiyo walikuwa kwenye gulio la Mlali, na Mlali ni watu wa kulima; hawapiti karibu na mpini bila kuupima. Mkulima mmoja akauona, akauliza unauzwa kiasi gani, na kabla hajajibiwa akauchomoa ili aone uzito wake. Mlango ukamwangukia Mwalimu Yusuph, mwalimu mstaafu aliyekuwa ameinama kuchagua betri za redio. Pazi alikuwepo siku hiyo kwa sababu ya injini tu, maana yeye ni fundi magari tangu ujana wake. Alichofanya ni kile ambacho mtu yeyote mrefu angefanya: aliruka, akaingiza bega chini ya mlango, akaunyanyua. Bi Raya akamtazama kutoka chini mpaka juu, safari ndefu kidogo, akasema, "Hapo hapo, Fundi. Usiondoke."

Basi Pazi hakuondoka kwa miaka mitatu.

Gari ni langu kulisimulia, lakini moyo wa Pazi ulikuwa wake, na alikuwa ameufunga. Alimpenda Bi Raya. Alipenda anavyopasua kitenge, anavyokitia mkasi mara moja halafu anakichana kwa mikono bila kupinda. Alipenda anavyokataa kupunguza bei huku anacheka, mpaka mteja anaondoka amelipa yote na ameshukuru. Mlango ulimwangukia Mwalimu Yusuph mara ya pili kwa sababu ya kicheko hicho. Pazi aligeuka kukitazama, bega likasahau kazi. Lakini kusema hakuweza. Akijiandaa kusema, ulimi unakuwa mzito kama mlango wenyewe. Akajiambia hakuna haraka: maadamu shokapu zimekufa, Bi Raya anamhitaji, na maadamu anamhitaji, yeye yupo. Mficha uchi hazai, lakini Pazi alikuwa mtu wa kuridhika na kivuli.

Kwa hiyo alidanganya. Kila Bi Raya alipouliza habari za shokapu mpya, Pazi alitikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu, akasema za gari la namna hii hazipatikani Morogoro nzima, labda Ulaya. Na huku duka la vipuri lililo hatua chache kutoka kwake Kihonda lilikuwa limezitundika ukutani nyingi kama mishikaki, za kila urefu na kila nguvu. Pazi alikuwa akipita hapo anatazama upande wa pili wa barabara.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha kwenye maisha hayo. Kilikuwa ni Mjomba Salehe.

Mzee Salehe alikuwa kaka wa marehemu mama yake Bi Raya, na kwa Waluguru mjomba akikohoa ukoo mzima unaweka kikombe chini. Aliishi hapo Mlali. Kila siku ya gulio alikuja na kigoda chake, akakaa mbele ya mlango wa nne, kanzu safi, kofia nyeupe iliyonyooshwa, akamtazama Pazi. Hakununua kitu. Pazi alimpa shikamoo, yeye akaitika marahaba, basi. Karibu na adhuhuri, kabla hajainuka kwenda kuswali, aliuliza swali lile lile kwa sauti ile ile.

"Raya, huyu mrefu ni nani wako?"

Na Bi Raya, bila kuinua macho kwenye kitenge, alijibu jibu lile lile. "Anashika mlango, Mjomba."

Mzee alisema "aa," akaenda zake. Na Pazi alibaki chini ya mlango wake akihisi jibu hilo limemwingia mahali ambapo mlango haujawahi kufika. Lilikuwa jibu la kweli, hakuwa na cha kulikatalia. Alikuwa anashika mlango.

Halafu ikaja siku ya boksi. Pazi alifika Kilakala asubuhi kuangalia maji na mafuta ya gari, kama desturi, akamkuta Bi Raya amesimama uani na boksi la karatasi ngumu miguuni. Bi Raya akamwambia kuwa alimwagiza dereva mmoja wa basi la Dar. Alikuwa amenakili mwenyewe namba zilizochapwa kwenye zile za zamani, urefu na nguvu, maana zimeandikwa pale pale kwenye bomba kwa anayetaka kusoma. Shokapu nane, mpya. Kumbe hata Ulaya hazikutoka.

"Kesho gulio," akasema. "Zibadilishe leo, Fundi. Umechoka kubeba."

Pazi alitaka kusema kuwa hajachoka, kwamba yuko tayari kubeba mpaka meno yamtoke. Alisema, "Sawa, Bi Raya." Bi Raya alisimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, halafu akaingia ndani, na mlango wa nyumba ulijibamiza nyuma yake kwa nguvu ambayo Pazi hakuielewa.

Akajikaza kisabuni, akatoa vifaa. Kuweka shokapu si kazi ngumu ukiwa unaijua. Kwanza unauegemeza mlango vizuri, halafu unaingiza bisibisi bapa chini ya kile kibanio kidogo cha chuma, unakilegeza, na shokapu inachomoka kwenye kichwa chake cha duara kama gololi. Unabadilisha zote mbili za mlango mmoja, si moja, maana mpya na kuukuu hazivuti pamoja. Unaziweka ule ufito mwembamba unaong'aa ukitazama chini mlango unapofungwa, ili mafuta kidogo yaliyomo ndani yalowanishe mpira wa mdomo. Fundi wa kubahatisha anaziweka kichwa chini miguu juu, na mwaka hauishi zinaanza kulia.

Tatizo lilikuwa kuuegemeza mlango. Mti haukuwepo, ulikwisha kuchukuliwa na mkulima. Pazi akaangaza huku na huku, akakosa, akaingiza kichwa chake. Na hapo ndipo alipojiona alivyo: amebeba mlango kwa kichwa ili afunge kitu kitakachokifukuza kichwa hicho kazi. Alicheka peke yake uani.

Mlango wa sufuria ulikaa vizuri. Wa vitenge nao, wa mabeseni nao. Ukiupa msukumo kidogo unapanda wenyewe, taratibu, unasimama kama askari. Pazi aliitazama mitatu hiyo, akaona fahari ya fundi, na baada ya fahari akaona upweke. Akafika kwenye mlango wa nne, ule wa vikorokoro, mlango wake. Shetani hakumwambia aharibu yote. Alimwambia, mmoja tu, Pazi. Mmoja uwe mzito, usikae, ili uwe na pa kusimama.

Akatoboa tundu jipya, akahamisha kile kichwa cha duara vidole vinne kutoka mahali pake, ili shokapu zikose nguvu. Mtu ametengeneza magari ya watu kwa haki miaka thelathini. Mkono wake haukuwa na mazoezi ya kuharibu. Ukatumwa kuliko na udhaifu, ukapotea njia, ukaenda kuliko na nguvu. Pazi aliona mlango unagoma kufungwa, akausukuma kwa goti mpaka komeo likashika, akajidanganya kuwa ni upya tu wa shokapu. Kuujaribu hakuujaribu. Aliona haya hata kuutazama, na Bi Raya alikuwa anamwita chai.

Kesho yake walifika Mlali mapema. Ukungu ulikuwa bado haujatoka mlimani, ndizi zinateremshwa, wanawake wanapanga nyanya mafungu. Mzee Salehe alikuja, akaweka kigoda mbele ya mlango wa nne, akakaa. Mwalimu Yusuph naye alikuja kutafuta betri, akasimama mbali kidogo, kama alivyojifunza. Bi Raya akafungua mlango wa sufuria kwa kidole kimoja. Ukapanda, ukakaa. Watu wakasema ooh. Wa vitenge, ukakaa. Wa mabeseni, ukakaa. Pazi alikuwa amesimama pembeni na mikono yake mirefu haina la kufanya. Mara inaingia mfukoni, mara inatoka. Alikuwa anasubiri wa nne uanguke. Alikuwa tayari, bega mbele.

Bi Raya akazungusha ufunguo.

Mlango haukuanguka. Uliruka. Ulifyatuka kwenda juu kama paka aliyekanyagwa mkia, ukapita kwenye paji la uso la Mzee Salehe kwa upana wa unyasi mmoja, ukaichukua ile kofia nyeupe iliyonyooshwa, ukaitupa juu ya paa la gari. Sabuni zilimwagika, tochi moja ikajiwasha. Mzee alibaki kwenye kigoda, kipara chake kikipigwa na hewa ya asubuhi hadharani, jambo ambalo Mlali nzima haikuwa imewahi kuliona.

Pazi aliruka, akaudaka mlango, akauvuta chini. Ukamvuta juu. Akaning'inia hapo kwa mikono miwili, vidole vya miguu vikigusa ardhi kwa shida, na kwa mtu wa urefu ule hilo halikuwa jambo dogo. Kila akiushusha kidogo, unamnyanyua. Wauza ndizi waliacha biashara. Bi Raya alisogea, akainama, akachungulia chini ya mlango. Akaliona tundu la zamani, na vidole vinne pembeni yake akaliona tundu jipya, chuma chake bado kinang'aa. Alisimama, mkasi mkononi, akamtazama Pazi anavyoning'inia.

Aliyesema ni Mzee Salehe. Alisema bila kuinuka na bila kuuliza kofia iko wapi.

"Miaka mitatu umeushika usianguke. Leo unaushika usipae. Wewe Pazi, unataka nini hasa kwenye mlango huu?"

Mzee hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. Pazi hakujua hata kama analijua. Alitafuta uongo, na alikuwa nao mwingi, wa Ulaya, wa vipimo, wa upya wa shokapu. Lakini mtu anayening'inia hana mikono ya kutafutia, na ukweli ndio uliokuwa karibu.

"Sitaki mlango, Mzee," akasema. "Namtaka Raya."

Pazi alifumba macho. Alisubiri kigoda kimpige, au kicheko, au sauti ya Bi Raya ikimwambia ashuke aende zake. Alichosikia ni mzee akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Zamani," Mzee Salehe akasema, "mwanamume akimtaka binti wa ukoo huu, alikuja kwanza kulima shamba la wakwe. Msimu mmoja, au miwili. Wakwe wanakaa pembeni, wanamtazama: ni mvivu au si mvivu, ana hasira au hana. Wakiridhika, analeta mshenga. Nilipokuona umebeba mlango wa mpwa wangu juani, nikashukuru Mungu. Nikasema, kumbe bado wapo wanaojua adabu. Nikaleta kigoda changu, nikakaa kukutazama. Msimu wa kwanza niliridhika. Wa pili nikaridhika zaidi. Huu wa tatu nimeanza kuwa na shaka na akili yako."

Pazi alifumbua macho.

"Kila gulio nauliza huyu ni nani wako," mzee akaendelea, "ili mmoja wenu apate pa kuanzia. Mnanijibu habari za mlango."

Bi Raya alikuwa ameushika ule mkasi kwa mikono miwili. Sauti yake haikuwa ile ya kukataa kupunguza bei.

"Mimi nilikuwa nikijibu anashika mlango, Mjomba, nikisubiri akatae. Miaka mitatu, hajakataa hata siku moja. Ndiyo nikaenda kununua shokapu. Nikasema ngoja niuondoe mlango kichwani mwake, nione kama chini yake kuna mtu."

Hapo Pazi aliuachia mlango. Ukapanda juu kwa kishindo, ukatulia huko, na yeye akabaki amesimama kwa miguu yake, mikono mitupu, machozi yakimteremka bila kumwomba ruhusa. Alitaka kusema mengi. Mzee alimzuia kwa mkono. Alimwambia kwamba hayo aliyoyasema hayahesabiki. Mwanamume hajisemei posa yake mwenyewe, tena akiwa ananing'inia, mbele ya wauza ndizi. Posa inasemwa na mshenga, mtu mzima, mwenye heshima zake, anayemjua muoaji vizuri kwa mema na mabaya. Anaye mtu wa namna hiyo hapa?

Halafu Mwalimu Yusuph, ambaye muda wote huo alikuwa mbali na betri zake mkononi, akasogea mbele, akakohoa kwa namna ya darasani. Akasema yeye atasimama. Kwa mema, anamjua Pazi kwa sababu ndiye aliyemnyanyulia mlango mara ya kwanza. Kwa mabaya, anamjua kwa sababu ndiye aliyemwangushia mara ya pili. Hakuna mtu Mlali, akasema, mwenye ushahidi wa pande zote mbili kama yeye, na akavua kofia kuwaonyesha.

Mzee Salehe aliukagua utosi wa Mwalimu kwa makini, akaridhika. Akasema mshenga afike kwake jioni, baada ya alasiri, na barua, na asikae mbele ya mlango wowote.

Pazi akanyoosha mkono, akaitoa kofia ya mzee juu ya paa bila ngazi, akaipangusa, akampa kwa mikono miwili. Halafu akatoa vifaa vyake. Alikichomoa kile kichwa cha duara, akakirudisha kwenye tundu lake la haki, akakaza, akabana vibanio. Safari hii aliujaribu. Akaupandisha na kuushusha mara tatu, na mara zote ulipanda kwa adabu, ukasimama, haukuhitaji mtu. Aliutazama muda mrefu. Bi Raya akamletea kiti cha plastiki, akakiweka kivulini chini ya mlango huo, na Pazi akakaa hapo kwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu. Hakujua aweke wapi magoti.

Adhuhuri ilipokaribia Mzee Salehe aliinuka, akakibana kigoda kwapani, akanyoosha kofia. Alikuwa ameshapiga hatua mbili. Akasimama, akageuka.

"Raya," akasema, "huyu mrefu ni nani wako?"

Bi Raya alikuwa anapima kitenge cha mteja. Alikitia mkasi mara moja, akakichana, na kwa mara ya kwanza tangu anunue gari lile, kitenge kilipinda.

"Muulize mshenga wake, Mjomba," akasema.